Kabla Hujakaza Hiyo Skrubu: Historia ya Waya ya Unga na Rola Yake

Kwanza tuelewane. Rongai ninayoizungumzia ni hii yetu ya Nakuru, si Ongata Rongai ya matatu zenye muziki wa kupasua masikio. Kila nikisema natoka Rongai mtu ananiuliza nauli ya kufika town ni ngapi. Huku kwetu ni reli, mahindi, mkonge, vumbi na upepo. Huo upepo muuweke akilini, nitaurudia, kwa sababu una kazi kubwa katika hii maneno.

Mwaka jana nilitoa video ya dakika moja na nusu kuhusu zile mashine ndogo za kuchomelea zinazotumia waya badala ya rodi. Mnazijua: inveta nyepesi, mtu anaibeba kwa mkono mmoja, ndani ina spuli ya waya, unabonyeza kitufe cha tochi na waya inajitokeza yenyewe. Nikasema, kwa ile sauti ya mtu anayejua, kwamba waya ikianza kukwama ama kuruka-ruka, kaza tu ile skrubu ya juu. Video ikaenda vizuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilifurahi sana.

Wiki tatu baadaye mzee mmoja fundi, jirani yetu, akaniita karakanani kwake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinionyesha tu waya iliyotatizana ndani ya mashine kama uzi wa cherehani ulioshikwa na mtoto, akasema, "Kijana yangu, nilifanya vile ulisema."

Alikuwa amepewa treila ya trakta, ule mkono unaoshikana na trakta umepasuka, na mwenye treila alikuwa anangoja kubeba mahindi. Mzee akaona hii ndiyo nafasi ya mashine yake mpya kujilipa. Waya ikateleza, akakaza. Ikaenda kidogo, ikakwama, akakaza tena. Mpaka saa kumi jioni alikuwa amemaliza tipu tatu, laina ya tochi imejaa unga, na nusu ya spuli iko chini kwa vumbi. Akarudi kwa mashine yake kuukuu ya rodi, akachoma mpaka usiku. Mwenye treila alipokuja asubuhi akakata hela kwa sababu ya kuchelewa.

"Mashine ni feki," mzee aliniambia. Nikaifungua nikaangalia. Haikuwa feki. Rola iliyokuwa ndani, ile gurudumu ndogo ya chuma inayosukuma waya, ilikuwa laini kabisa. Na waya aliyoweka ilikuwa ya unga. Hizo mbili haziendi pamoja, na mimi ndiye niliyemwambia akaze.

Ningeweza kutoa video nyingine ya sekunde ishirini kusema "samahani wasee, badilisheni rola". Lakini nilitaka kujua mbona kitu kidogo hivi, kinachotoshea kwenye kiganja kama chupa ya soda imefungwa kifuniko, ndicho kinachoamua. Nikaanza kusoma historia. Na kile nilichokipata ni kwamba hii rola ni kidole cha fundi. Kilitolewa mkononi mwake kikawekwa ndani ya mashine, na alipouziwa hiyo mashine hakuna aliyemwambia.

Turudi nyuma. Miaka ya 1880, Nikolai Benardos, mtu wa Dola la Urusi, alitumia umeme na kijiti cha kaboni kuyeyusha chuma. Kijiti kilitoa moto tu. Chuma cha kujaza kiliongezwa kando. Mwaka 1888 Mrusi mwingine, Nikolai Slavyanov, akaweka fimbo ya chuma mahali pa kaboni, ili kile kinachotoa moto ndicho kiyeyuke na kujaza. Hapo ndipo mkono wa fundi ulipopata kazi ambayo mzee wetu anaifanya mpaka leo: fimbo inapungua, na wewe unaisogeza polepole, si haraka ikagandana, si pole ikazima. Huo mwendo hauandikwi mahali. Unakaa kwa kifundo cha mkono.

Shida ilikuwa hewa. Chuma kilichoyeyuka kikiguswa na hewa kinavuta oksijeni na naitrojeni, kinatoka na matundu, kinavunjika kama biskuti. Msweden Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904 mjini Gothenburg na kuhangaika na ukarabati wa boila za meli, akaipaka fimbo unga. Unga ukiungua unatoa moshi unaofukuza hewa, na unaacha ganda linalofunika chuma kinapopoa. Lile ganda mnalogonga na nyundo kila siku, lile linalowarukia usoni, ni jibu la Kjellberg kwa hewa. Rodi zote zinazouzwa hardware za hapa Rongai, zile za 6013 zinazopendwa kwa mageti, ni wajukuu wa ile fimbo.

Lakini rodi inaisha. Unachoma dakika moja hivi, unasimama, unatupa kipande, unaweka nyingine. Kwa kiwanda hiyo ni pesa inayomwagika. Kwa hivyo kutoka mapema watu walitaka waya ndefu isiyoisha, inayosukumwa na kitu. Mwaka 1920 P. O. Nobel wa General Electric kule Marekani alikuwa tayari na mashine inayolisha waya yenyewe, mwendo wake ukifuata umeme wa moto. Ilitumika kujaza ekseli na magurudumu yaliyolika. Ndiyo mara ya kwanza ninayoiona ambapo kazi ya kifundo cha mkono inachukuliwa na gurudumu.

Waya ilikuja na tatizo lake. Rodi unaweza kuipaka unga nje kwa sababu umeme unaingilia kwenye kichwa chake kilichobaki wazi. Waya ndefu umeme unaingilia karibu na ncha, kupitia tipu ya shaba, na mwili wote unapita kwenye rola na ndani ya kebo. Ukiipaka unga nje, unga utazuia umeme, na utabanduka wote njiani. Wakaamua kufukuza hewa kwa gesi ya mtungi. Mwaka 1948 taasisi ya Battelle ya Ohio, ikilipiwa na kampuni ya Air Reduction, ilitoa mtindo wa waya nyembamba na gesi, kwanza kwa aluminiamu. Gesi zile zilikuwa ghali. Mwaka 1953 Warusi Lyubavskii na Novoshilov wakaonyesha kwamba kwa chuma cha kawaida unaweza kutumia kaboni dayoksaidi, gesi rahisi kabisa. Hapo viwanda vya magari vikaingia.

Sasa kumbukeni upepo. Gesi ya mtungi ni blanketi jepesi sana. Ndani ya kiwanda chenye kuta ni sawa. Lakini simama pale nyuma ya stage ya Rongai saa nane mchana, upepo ukishuka kutoka upande wa Menengai, ujaribu kuchoma na gesi bila kizuizi. Utapata weldi yenye matundu kama sponji. Mtindo mzuri wa 1948 ulikuwa wa watu wenye ukuta.

Jibu likatoka kwa kugeuza rodi nje-ndani. Mwaka 1954 Mmarekani Arthur Bernard alitangaza waya yenye unga ndani yake, bado ikisaidiwa na gesi nje. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Lincoln Electric ya Cleveland ikatoa Innershield, ambayo haihitaji gesi kabisa: unga ulio tumboni mwa waya unatoa kinga yote. Hiyo ndiyo tunaita gasi-lesi mtaani, na mimi napenda kuiita waya ya unga. Ilifaa kazi za nje. Madaraja, fremu za majengo, watu walio juu angani na upepo unapiga.

Yaani ukiiangalia vizuri, ni waya iliyotengenezewa watu wa jua kali kabla sisi hatujajiita hivyo.

Hilo jina letu nalo lina historia. Ufundi wa chuma huku Bonde la Ufa ulikuja na reli na mashamba. Reli kutoka Mombasa ilipita Nakuru ikielekea ziwani, na tawi la Uasin Gishu linalopita hapa Rongai lilifika Eldoret mwaka 1924. Palipo na reli na trakta kuna chuma kinachovunjika, na palipo na chuma kinachovunjika kuna mtu aliyesimama kando akitazama kinavyotengenezwa. Kenneth King, aliyeandika kitabu kizima kuhusu fundi Mwafrika mwaka 1977, anaonyesha jinsi ujuzi mwingi ulivyotoka kwenye karakana za Wahindi: mtu anaingia kama msaidizi wa kubeba vyuma, anakaa miaka, macho yake yakiiba, kisha anatoka na kuanza yake chini ya mti. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ndiyo iliyowafanya wakubwa wa dunia waanze kusema kwamba watu hawa chini ya jua si takataka za uchumi, ni uchumi. Serikali ikakuja kulitaja kwenye sera za 1986 na 1992, na mabanda ya Jua Kali yakaanza kujengwa mijini.

Nawaambia hivi kwa sababu ya jambo moja. Njia yote hiyo, kutoka karakana ya Mhindi mpaka kwa mzee wetu mpaka kwa vijana wawili anaowafundisha sasa, ujuzi ulipita mkono kwa mkono. Na ulichopita ni rodi. Mzee ana cheti cha serikali cha Grade Two, lakini kilichompa ile weldi yake iliyonyooka kama mshono wa suruali ni miaka ya kusogeza rodi. Hata mashine aliyoanza nayo ilitengenezwa na fundi mwenzake: transfoma iliyosukwa kwa mkono kwa waya za shaba, ndani ya boksi la bati, nzito kama kaburi. Ikiharibika anajua ni nani wa kuitwa.

Kisha umeme ukaenea. Mradi wa Last Mile ulioanza 2015 ulifikisha nyaya mahali ambapo fundi angelazimika kubeba chuma mpaka centre. Mashine za inveta za bei nafuu zikaanza kuingia kutoka China, kwanza za rodi, halafu hizi za waya. Unaenda dukani, muuzaji anakuonyesha vile inawaka, unalipa, unatoka. Kuna kijitabu ndani cha Kiingereza kilichotafsiriwa vibaya, herufi ndogo kama chawa. Hakuna mkono uliokuja na hiyo mashine. Hakuna mtu aliyesimama kando yake miaka mitano. Wale wenye ujuzi wa waya huku kwetu wengi wako kwenye kampuni kubwa, na hawaketi na fundi wa mageti. Tangu 2011, Geothermal Development Company walipoanza kuchimba visima vya mvuke Menengai, tunaona mabomba makubwa kule juu, lakini ujuzi wa kuyaunganisha haushuki kwa mguu mpaka Rongai.

Basi pengo hilo likajazwa na watu kama mimi. Kijana aliyeacha uhandisi mwaka wa pili, mwenye simu nzuri na taa ya duara. Ndiyo maana nasema hii si story ya skrubu tu.

Sasa tuingie ndani ya rola yenyewe, na hapa nitachukua muda.

Waya ngumu, ile ya kutumia na gesi, ni chuma mpaka katikati. Mara nyingi imepakwa shaba kidogo, inang'aa. Waya ya unga inatengenezwa tofauti: wanachukua ukanda mwembamba wa chuma, wanaukunja kama mfereji wa mvua, wanamwaga unga ndani, wanaufunga, wanauvuta mpaka unakuwa mwembamba. Ni bomba dogo lenye unga, na nyingi zina mshono upande mmoja. Chukua kipande cha milimita 0.9, kikate, ukibane na koleo. Kitabonyea na unga mweusi-kijivu utatoka. Fanya hivyo na waya ngumu, koleo ndiyo itaumia.

Rola kazi yake ni kuishika hiyo waya na kuisukuma mita tatu ndani ya kebo bila kuteleza. Kushika kunaweza kufanyika kwa njia mbili: kwa kubana, au kwa meno.

Rola ya waya ngumu ina mfereji wa V ulio laini. Waya inakaa kwenye V, rola ya juu inaibana, na kwa sababu ni ngumu inavumilia kubanwa. Hiyo ndiyo rola niliyoikuta kwa mashine ya mzee, na mashine nyingi za bei ya chini huja nayo. Ukiweka waya ya unga kwenye huo mfereji laini, itateleza. Ukiteleza utakaza. Na ukikaza, bomba linabonyea. Linakuwa bapa. Kitu bapa hakipiti vizuri kwenye tundu la duara la tipu, kwa hivyo kinakwama. Mshono ukifunguka, unga unamwagika ndani ya laina, laina inaziba, waya inakuwa nzito zaidi kusukuma, inateleza tena. Na wewe, kwa sababu kuna kijana mmoja amekwambia kwa video, unakaza tena. Mwishowe mbele imekwama na nyuma rola bado inasukuma, basi waya inatoka pembeni na kujisokota ndani ya mashine. Ile siku ya mzee, kutoka asubuhi mpaka saa kumi, ilikuwa ni huo mzunguko ukijirudia.

Rola ya waya ya unga ina mfereji wa V pia, lakini ndani yake umekatwa meno madogo. Meno yanauma ngozi ya waya kidogo kidogo, kwa hivyo haihitaji kubanwa sana. Hapo ndipo akili yote ilipo: unabadilisha nguvu kwa meno ili usilivunje bomba. Weka kidole ukikumbuka rodi. Mzee hakushika rodi kwa kuifinya. Aliishika kwa holda yenye meno.

Kuna na rola ya tatu, ya mfereji wa U, laini, ya aluminiamu na waya nyingine teke. Inakumbatia waya badala ya kuibana pembeni. Huku kwetu sijaona anayeihitaji kila siku, nataja tu ili mtu asiuziwe akidhani zote ni sawa.

Na mtu asifikirie meno ni bora kwa kila kitu. Ukiweka rola ya meno kwa waya ngumu, meno yanaikwaruza, vipande vidogo vya chuma vinaingia kwenye laina kama mchanga na kuziba. Tipu nayo inalika haraka. Waya za unga zisizo na mshono, zile zinazopakwa shaba, zingine zinaweza kwenda na mfereji laini. Ndiyo maana unasoma boksi la waya kwanza, halafu unachagua rola. Si kinyume.

Saizi. Rola nyingi zina mifereji miwili, moja kila upande, na saizi imepigwa mhuri pembeni. Waya ya 0.8 kwa mfereji wa 1.0 itaelea na kuteleza. Waya ya 1.0 kwa mfereji wa 0.8 itapanda juu na kukandamizwa. Nyingine zimeandikwa kwa inchi: .030 ni ile ya 0.8, .035 ni 0.9, .045 ni 1.2. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma .035 nikadhani ni namba ya kiwanda, aki. Pia si mashine zote namba unayoiona ndiyo inayofanya kazi. Kuna ambazo upande unaokuangalia ndio wenye mfereji wako, na kuna ambazo ni ule wa ndani. Usibahatishe. Toa rola, pitisha ukucha kwenye mfereji. Ukucha ukikwaruzwa, ni meno. Kisha ilaze waya ndani yake uone inavyokaa.

Skrubu, sasa. Anza ikiwa imelegea. Kaza kidogo mpaka waya itembee. Vaa glavu, elekeza tochi kwenye kipande cha mbao kwa mshazari, karibu, bonyeza. Waya ikigonga mbao iendelee kujikunja bila kusimama. Ikisimama na rola inateleza, ongeza kidogo tu, nusu mzunguko. Kisha itoe uangalie ngozi yake: alama ndogo za meno, sawa, ikiwa imekuwa bapa, umepita. Na kama bado inakwama na alama ni sawa, tatizo haliko kwa skrubu. Angalia tipu, puliza laina, nyoosha kebo isijikunje kama nyoka, angalia kama breki ya spuli imekazwa sana. Skrubu ndiyo ya mwisho, na mimi niliiweka ya kwanza.

Kitu kingine ambacho hakiko kwa rola lakini kinatembea nayo: waya isiyo na gesi, kwa kawaida tochi inaunganishwa kwa hasi, na waya ngumu ya gesi kwa chanya. Mashine nyingi zina kebo fupi ya kuhamisha ndani ama mbele. Boksi la waya litakwambia. Mzee yake ilikuwa imeachwa kwa chanya tangu dukani. Kwa hivyo hata kama rola ingekuwa sawa, weldi ingetema-tema cheche na kukaa juu juu.

Nimefika mahali ambapo lazima niseme jambo lisilonipendeza, kwa sababu linaharibu hadithi yangu nzuri ya rola. Nilipogeuza ile spuli kusoma, ilikuwa imeandikwa E71T-GS. Herufi hizo mbili za mwisho, katika mpangilio wa Wamarekani, maana yake ni waya ya mstari mmoja tu. Hupiti juu ya weldi yako mara ya pili na ya tatu. Ni ya bati, ya bomba nyembamba. Mkono wa treila inayobeba tani za mahindi ni chuma kinene kinachotaka kujazwa mistari kadhaa. Yaani rola ya meno, skrubu sawa, hasi na chanya sawa, weldi ingetoka nzuri kwa macho na bado ingekuwa ya kutiliwa shaka barabarani.

Na watu wakubwa kutuliko wamewahi kuumwa na jambo kama hilo. Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la Northridge lilipiga Los Angeles. Majengo ya fremu za chuma hayakuanguka, na watu wakapumua. Kisha mainjinia walipobandua kuta wakakuta nyufa kwenye maungio ya mihimili na nguzo, jengo baada ya jengo. Mengi yalikuwa yamechomelewa kwa waya ya unga isiyo na gesi ya aina ya E70T-4, inayokwenda haraka na kujaza sana, lakini weldi yake haikuwa na ushupavu wa kutosha chuma kikitikiswa ghafla. Haikuwa waya mbovu kwa kila kitu. Sababu nyingine pia zilikuwepo, kama umbo la maungio na usimamizi wa kazi. Lakini baada ya hapo sheria zao za ujenzi zikaanza kudai waya zenye ushupavu uliopimwa.

Kwa hivyo ule usiku mzee alipoitupa tochi kwa hasira na kurudi kwa rodi, ndiyo uamuzi pekee sahihi uliofanywa siku hiyo katika hii hadithi. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema chuma kinene kilimwambia chenyewe.

Rola ya meno tuliipata Nakuru, baada ya maduka manne. Watatu wa kwanza hawakujua tunaongea nini. Mmoja alituambia rola ni rola, mkitaka kubana mkaze. Nilinyamaza, maana hiyo ilikuwa sentensi yangu. Katika duka la nne mama mmoja alivuta droo, akazimwaga mezani, akatuuliza, "Waya gani?" kabla hatujasema chochote. Nilitaka kumkumbatia.

Siku hizi mzee anazihifadhi rola zake mbili ndani ya kopo la Blue Band. Ile ya meno ameipaka doa la rangi nyekundu ili vijana wasichanganye. Waya anaitumia kwa bomba za mraba za mageti na madirisha, nje, upepo ukipiga, na inamwendea haraka kweli. Kwa treila na majembe ya trakta anashika rodi.

Tumerekodi video mpya. Alikataa uso wake uonekane, akakubali mikono tu. Inaanza na ukucha wake ukipita kwenye mfereji, polepole, mara mbili, kabla hajaweka waya. Tulipomaliza akaniuliza kama ile ya kwanza bado iko hewani. Nikamwambia niliitoa Jumapili.